Paka wa Kuazima na Ng'ombe Wasiokuwepo

Mjukuu wangu Zulfa ana paka wa ndani, mweupe, mdogo, hatoki hata kibarazani. Juzi kipupwe kilipokaza, mtoto akachemsha maji, akayatia kwenye chupa ya plastiki, akaivika soksi yangu, akailaza ndani ya boksi na paka juu yake. Chupa ikajikunja, maji yakamwagika, paka akapanda pazia. Nilipotoka chumbani nikakuta zulia limelowa na mtoto analia.

"Zulfa, ulitaka kumpa joto au kumwogesha?"

"Bibi, nyumba hii ina baridi!"

Nikanuna kidogo, sisemi uongo. Nyumba hii ya Miyuji, hapa Dodoma, nimeijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, vigae chini, bati la rangi juu, na hakuna mwanamume anayeweza kusema alinisaidia hata kubeba ndoo ya mchanga. Lakini mtoto amesema kweli. Saruji inanyonya baridi, na upepo wa kipupwe unapita chini ya mlango kana kwamba una funguo zake. Basi nikaenda bandani kwa kuku, nikachukua chungu changu kimoja, nikakileta sebuleni, nikafungua dirisha kidogo, nikawasha samadi kavu ya ng'ombe na kuifunika kwa majivu. Ile harufu ilipopanda, ya moshi mzito mtamu unaokaa kwenye nguo wiki nzima, nikakaa chini kwenye vigae. Nilikuwa nimerudi Busi, kijijini nilikozaliwa, nina meno mawili ya mbele yaliyong'oka, na nina paka wa shangazi mapajani.

Mimi sikusoma. Darasa la pili nililifikia, la tatu niliishia kuliona mlangoni. Kwa hiyo msinitafutie maneno mazuri hapa. Nasema nilichokiona.

Nyie wa rika langu mliozaliwa kwenye tembe hamhitaji kuelezwa, lakini wajukuu zenu wanadhani tembe ni kibanda. Ilikuwa nyumba ndefu, fupi kwa kimo, ukuta wa fito na udongo, na juu paa bapa la udongo ambalo mtu anaweza kuanika uwele. Upande mmoja tulilala sisi, upande wa pili ng'ombe, na katikati palikuwa na miti michache tu iliyopangwa kama uzio. Nilikuwa nalala nasikia ng'ombe mmoja mzee anacheua karibu na kichwa changu. Pumzi yao ilijaa nyumba nzima. Nje kipupwe kilikuwa kinavuma mpaka mbuzi wanakataa kutoka, na sisi ndani tunatupa ngozi ya kujifunikia kwa joto. Mimi nilikuwa naamini kabisa kwamba ng'ombe wanafugwa kwa ajili ya joto. Maziwa niliyaona kama nyongeza, kitu wanachotoa kwa adabu kwa kuwa wanalala bure.

Kwetu ng'ombe hakuhesabiwa kwa idadi. Ukisema "wako wangapi" mbele ya mama yangu ulikuwa unapata kofi, maana kumhesabu ng'ombe ni kumtangazia fisi. Walitajwa. Kila jioni mama alisimama mlangoni na kibuyu chake mkononi, na kila anayeingia anamtaja jina taratibu, na wa mwisho akishaingia anasukuma mlango. Nyekundu. Madoa. Kipara. Mchelewa. Bibi Harusi. Moshi. Na Ndama wa Moshi. Mimi nilijua majina hayo kabla sijajua jina la babu yangu.

Halafu ukaja mwaka ambao nyasi zilikwisha mapema. Wanaume wakakubaliana washuke na mifugo kwenye mbuga za mbali, na baba akawa mmoja wao. Asubuhi ya kuondoka alimwambia mama mbele yangu, kwa sauti ya mtu anayekabidhi kitu, "Linda mbegu. Mvua ikinyesha, uipande. Nitarudi nyuma ya mvua."

"Na mbegu ikiniponyoka?"

Baba aliangalia ng'ombe, hakumwangalia mama. "Ikikuponyoka, funga nyumba uende kwa kaka yako."

Kwa mtu mzima hayo ni maneno ya busara. Kwangu mimi yalikuwa na maana moja tu: tukienda kwa mjomba, baba atarudi akute tembe tupu, na hatajua tulipo. Sikuwaza kwamba anaweza kuuliza majirani. Mtoto hawazi majirani. Mimi niliona baba amesimama mlangoni na ng'ombe wote nyuma yake, anaita, hakuna wa kuitika, anageuza anaondoka moja kwa moja.

Jioni ile mama alisimama mlangoni kama kawaida, kibuyu mkononi kikiwa kitupu, akataja majina yote mpaka Ndama wa Moshi. Hakuingia kitu ila upepo. Nikamwuliza, "Mbona unawaita na hawapo?"

"Nyamaza. Nawaita wasisahau njia."

Nikaelewa kwa akili yangu. Nikaelewa kwamba yale majina ndiyo yanayobeba joto, na mama anajaribu kulivuta lije peke yake. Usiku ule halikuja. Wala uliofuata. Nyumba ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia baridi ikawa kama mtungi wa maji.

Ng'ombe walipotoka, panya wakaingia. Sijui walikuwa wapi siku zote, labda waliogopa kwato. Mbegu yetu ya uwele ilikuwa kwenye kilindo kimoja, pipa la gome la mti lililoshonwa, limesimama kunizidi kimo kwenye chumba cha ndani, mfuniko umezibwa kwa samadi mbichi. Mama alikuwa halali vizuri. Alikuwa anagonga ukuta kwa mwiko, anasikiliza, anagonga tena. Mwishowe akatuma salamu Kolo kwa shangazi Mwajuma, dada yake baba, aliyeolewa huko na aliyekuwa na paka wengi kuliko watoto.

Shangazi alikuja mwenyewe, kwa miguu, na gunia begani linalopiga mateke. Alimfunga paka ndani ya gunia ili asione njia ya kurudia. Alikuwa mwanamke mkubwa, sauti yake inaingia nyumbani kabla yake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Sogea, huyu ana hasira na mimi." Akafungua gunia. Akatoka paka wa kijivu, mwembamba, sikio moja limepasuka, akatuangalia kama ndiye mwenye nyumba. "Wifi, nakuazima, sikupi. Mvua ikianza namfuata. Huyu ndiye bora niliye naye. Asitoke nje mpaka azoee, mlango ukiwa wazi tu ameshafika Kolo. Na jambo la pili, sikiliza vizuri: asiote moto. Paka akishaota moto amekwisha, anakuwa wa jikoni, panya watampitia mgongoni. Mfunge chumba cha mbegu, kwenye baridi, njaa na baridi ndivyo vinavyomfanya aamke."

"Nimesikia wifi."

"Na wewe," akanigeukia, "akinifia, usije ukaniamkia tena."

Tukamwita Mgeni, maana hatukuwa na desturi ya kumpa paka jina na mgeni ndiye aliyekuwa. Mama akamfunga kamba ndefu, inayomfikisha kila kona, kwenye nguzo karibu na kilindo, akanipa mimi kazi ya kuhakikisha hatoki na hafi. Kazi yangu ya kwanza duniani hiyo. Nilivimba kichwa mpaka nikaacha kucheza na wenzangu.

Asubuhi ya kwanza, mama alipokwenda kuteka maji, na maji yalikuwa mbali kiasi kwamba jua linapanda hajarudi, niliingia kumwangalia. Mgeni alikuwa amejikunja kama kata ya kichwani. Nilipomchukua mapajani akaanza kutetemeka ndani. Nje hatetemeki, ndani anatetemeka, na kuna sauti, krrr, krrr, inakwenda inarudi. Nikaweka sikio. Sauti ile nilikuwa nimeisikia mwaka uliotangulia kwenye kifua cha babu, siku tatu kabla hatujamzika. Kifua cha babu kilikuwa kinakoroma hivyo hivyo, na watu wazima walisema ni baridi imemwingia.

Basi nikajua. Paka wa shangazi ana baridi kifuani. Akifa, panya watakula mbegu. Mbegu ikiisha, tutakwenda kwa mjomba. Tukienda kwa mjomba, baba hatatuona tena. Yote hayo yalikuwa yamekaa mapajani kwangu, yanakoroma.

Nilianza kwa kumvika kanga kuukuu ya mama. Akaivua kwa makucha. Nikamsogeza kwenye moto wa jikoni, karibu mno, na ukarusha cheche, manyoya ya mkiani yakaungua fyuu. Mama aliporudi akasimama mlangoni ananusa.

"Nani kaunguza nywele humu ndani?"

"Mimi, mama."

"Ziko wapi?"

Nilikuwa nimeshaliwahi hilo. Nilikuwa nimekata kishungi cha nywele zangu kwa kisu cha mboga na kukitupa jivuni, kikaungua nusu, ili uongo wangu uwe na ushahidi. Mama aliangalia jivu, akaangalia kichwa changu, akanipiga kibao kimoja cha heshima akaendelea na kazi. Mpaka leo nikikumbuka nacheka. Lakini nilijifunza: moto wazi ni adui. Joto linatakiwa lije kwa kujificha.

Upande wa ng'ombe samadi ilikuwa bado imelala nene, imekauka, unaing'oa vipande kama mikate. Ng'ombe walikuwa wameondoka lakini walikuwa wametuachia kitanda chao. Mimi nilijua samadi kavu haiwaki kwa miali, inaungua polepole kama mtu anayekula bila haraka. Nikatafuta chungu kilichovunjika mdomo nyuma ya nyumba. Nikatia kaa moja, juu yake samadi, juu yake majivu mengi, juu ya majivu jiwe bapa, juu ya jiwe makapi ya uwele, na nikaacha mlango wa chumba wazi kidogo moshi upate pa kwenda. Mara ya kwanza makapi yalianza kunuka kuungua nikayamwaga. Mara ya pili kaa lilizimika. Mara ya tatu niliweka mkono, upande wa ndani wa kiganja pale mishipa inapopita, na bila kufikiri nikaanza kuwataja ng'ombe. Nilidhani bila majina joto haliji. Nyekundu, Madoa, Kipara...

Hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho hakuna mwalimu aliyenifundisha. Mkono ukiruka kabla ya Kipara, joto linaua. Ukifika mpaka Ndama wa Moshi na mkono bado unastarehe, hapo hakuna joto. Lakini ukifika kwa Bibi Harusi ukaanza kutamani kuutoa na bado huna haja ya kuutoa, hilo ndilo joto la ng'ombe. Ndilo lile lile la nyumba yetu. Nilikuwa nimelipata ndani ya chungu kibovu.

Mgeni alipanda juu ya makapi, akazunguka mara mbili, akalala, macho yakafumba. Krrr, krrr. Ikawa kubwa kuliko mwanzo! Kadiri nilivyompa joto ndivyo kifua kilivyozidi kukoroma. Nikadhani ugonjwa umemkolea, nikaongeza bidii. Kila asubuhi mama akiondoka nawasha, jua likikaribia kusimama nazima na kurudisha kila kitu mahali pake. Nikawa namwibia na maziwa kidogo ya mbuzi aliyebaki nyumbani. Akaanza kunenepa, na mimi nikaona huo ni ushindi.

Halafu asubuhi moja mama aliingia chumba cha mbegu akatoka. Akanishika sikio akanipeleka. Chini ya kilindo palikuwa na tundu la ukubwa wa yai, na uwele umemwagika sakafuni kama mchanga. Mgeni amelala. Mama akapapasa chini akakuta makapi yana uvuguvugu, akatoa chungu changu nilichokificha nyuma.

"Nini hiki?"

"Anaumwa, mama. Kifua..."

"Umesikia shangazi yako alichosema? Umesikia au hukusikia?" Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. "Paka wako amenenepa na mbegu yangu imekonda. Ndivyo ulivyotaka?"

Akamwaga maji kwenye chungu. Kikalia tsss, kikapasuka katikati. Akaziba tundu kwa udongo na samadi aliyoiloweka maji, akaokota uwele punje kwa punje akiwa amepiga magoti, na alikuwa analia bila sauti, mabega tu. Mama yangu sikuwa nimewahi kumwona analia, hata kwa babu. Nikaenda kukaa upande wa ng'ombe, mahali pa Mchelewa, nikaona mimi ndiye niliyefunga mlango baba asituone.

Zikapita siku kama nne. Mgeni alikaa kwenye baridi kama alivyoagizwa. Jambo la ajabu, kifua kikanyamaza. Niliweka sikio, kimya. Nikajiona mjinga mkubwa: kumbe baridi ndiyo dawa yake. Lakini mbona hataki kula? Mbona manyoya yamesimama, pua imekauka, anakaa kwa kujibana ukutani na panya wanapita juu ya mbao za paa tunawasikia? Wakati wa joto alikuwa hawindi. Sasa kwenye baridi pia hawindi. Mama alirudia kugonga ukuta kwa mwiko.

Mungu si wetu peke yetu ila siku ile alitukumbuka. Kijijini palikuwa na hitima, na shangazi Mwajuma akaja kutoka Kolo. Alipomaliza kula huko akapita kwetu kuangalia mali yake. Aliingia chumba cha mbegu, mara tukasikia sauti.

"Wifi! Njoo hapa! Huyu paka mmemfanya nini?"

Mama akaingia na maelezo tayari. "Mtoto alimwotesha moto, wifi, nikamkataza, nimemrudisha kwenye baridi kama ulivyosema."

Shangazi alikuwa amepiga magoti, mkono mmoja chini ya tumbo la Mgeni, anapapasa kama mtu anayetafuta sindano. Akainua uso. "Huyu ana mimba."

"Umeniletea paka mwenye mimba?"

"Ningejua ningekuazima? Mimi ningekuazima paka mwenye mimba, nina wazimu?" Wakaangaliana. Shangazi akashusha sauti. "Ndiyo maana amelala tu. Na kwa baridi hii, wifi, atazaa leo au kesho na vyote vitakufa, na yeye huenda akafuatana navyo."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Hakuna aliyenituma. Nikatoka nje nikaenda nyuma ya nyumba, maana mimi si mtu wa kuwa na chungu kimoja. Nilikuwa nimeficha gae lingine kubwa chini ya miiba siku ile ile mama alipokipasua chungu cha kwanza. Nikarudi nalo mbele yao. Nikachukua kaa jikoni kwa vijiti viwili. Samadi, majivu, jiwe. Mama akafungua mdomo, shangazi akamshika mkono. Nikalaza mkono wangu juu ya jiwe, upande wa mishipa, nikaanza.

"Nyekundu. Madoa. Kipara. Mchelewa..."

"Huyu mtoto anasema nini?" shangazi akauliza.

"Anawaingiza ng'ombe," mama akasema, na sauti yake ilikuwa nyingine.

Kwa Bibi Harusi mkono ukataka kutoka, haukutoka. Nikatandaza makapi. Nikamfungua Mgeni kamba, nikamweka chini pembeni, sikumsukuma. Alinusa. Akapanda, akazunguka mara mbili, akalala. Tukasubiri sote watatu tumechuchumaa, na baada ya muda ikaanza, kwa mbali kwanza, krrr, halafu ikajaa chumba.

"Mnasikia?" nikasema, na machozi yananitoka. "Mnasikia kifua? Ugonjwa umerudi! Kama wa babu!"

Wanawake wale wawili waliangaliana. Shangazi alianza kucheka kwanza, yeye hucheka kwa mwili mzima, akajishika kwenye kilindo, na mama akafuata, mama ambaye siku nne alikuwa hajasema neno la ziada, akacheka mpaka akakaa chini.

"Ugonjwa!" shangazi akasema, anafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mwanangu, hiyo ndiyo raha yake. Paka akistarehe anaunguruma hivyo. Hajaumwa hata siku moja. Alikuwa anakushukuru, wewe unamwandalia sanda!"

Niliona aibu, ndiyo, kwa muda wa kupepesa macho. Halafu nikahesabu upya siku zote zile, asubuhi zote, na nikaona kwamba kumbe kila asubuhi nilikuwa nasifiwa na mimi sijui. Nikanyoosha shingo. Sijaikunja tena mpaka leo.

Mgeni alizaa alfajiri yake juu ya gae langu, vitoto vinne, na kipupwe nje kinachapa mpaka maji ya kwenye kata yalikuwa yanauma meno. Vyote vinne vikaishi. Shangazi aliahirisha safari ya kurudi Kolo ili ashuhudie, na alipoondoka alimwambia mama, "Nilichosema kuhusu moto, futa." Mwanamke yule hakuwahi kufuta neno lake jingine lolote, hata la kosa. Na vitoto vilipopata nguvu ya kunyonya kwa vita, mama yao akaamka na njaa ya watu watano. Ndani ya siku chache hatukusikia mtu akipita juu ya mbao. Kila asubuhi tulikuta panya wamepangwa chini ya kilindo, vichwa upande mmoja, kana kwamba Mgeni naye alikuwa na desturi ya kutaja bila kuhesabu.

Mama hakuniomba radhi. Wazazi wetu hawakuwa na maneno hayo. Ila siku moja alitoka upande wa ng'ombe amebeba samadi kavu kwenye ungo, aliyoichagua mwenyewe, akaiweka karibu na gae langu akasema, "Chukua hii, imekauka vizuri." Mimi hilo nimelihifadhi kuliko cheti cha mtu yeyote.

Mvua ilinyesha. Tulipanda. Shamba lilikuwa limeota kufika kwenye vifundo vya miguu jioni baba alipotokea, mwembamba, ndevu zimejaa, na mama alikuwa mlangoni na kibuyu, amesimama pale pale alipokuwa amesimama kila jioni. Baba hakusalimia. Aliangalia shamba kwanza, kwa muda mrefu. Halafu akapisha ng'ombe waingie, na mama akaanza kuwataja.

Nyekundu aliingia. Madoa akaingia. Kipara hakuwepo, mama akamtaja hivyo hivyo na kusubiri kidogo. Mchelewa, ambaye miaka yote alikuwa akijikokota, alikuwa amelala mbugani moja kwa moja. Bibi Harusi aliingia, mbavu zinaonekana. Moshi aliingia peke yake. "Na Ndama wa Moshi," mama akasema, akangoja mpaka upepo ukapita, akasukuma mlango. Baba alikaa kwenye jiwe la kusagia, akaniita, akanishika kichwa pale nilipokata nywele, zilikuwa hazijalingana bado. Akasema, "Nimewakuta." Neno hilo moja tu.

Mengine nayasema kwa kifupi maana hayana paka. Shangazi alimchukua Mgeni, akatuachia kitoto kimoja cha kijivu. Habari ikaenea, nikawa naitwa kwenye nyumba za watu kila mbuzi anapozaa kwenye baridi, mtoto wa meno mawili pengo na chungu chake. Nilipokua nikaolewa, nikaachika, nikashuka Dodoma na begi moja, nikaanza na kuku watano. Vifaranga ni kama paka: wakijazana kona moja wanakwambia baridi, wakikimbilia pembeni wanakwambia umewachoma. Umeme ukikatika wenzangu wanazika, mimi nawasha vyungu. Nyumba hii na watoto wangu waliosoma vimetoka kwenye samadi na majivu.

Mwaka fulani bwana mifugo, kijana msafi ana kalamu mfukoni, alikuja bandani kwangu baada ya wafugaji wa mtaa mzima kupoteza vifaranga kwa kipupwe. Akaniuliza, "Mama, wewe unatumia kipimajoto gani?" Nikamwonyesha mkono. Akatabasamu kwa heshima, akatoa chake cha kioo, akakilaza juu ya vifaranga. Mimi nikalaza mkono na kutaja mpaka Bibi Harusi, nikamwambia, "Hapo ndipo penyewe." Akaangalia kipimajoto. Akakipangusa, akaangalia tena. Akaandika kwenye daftari lake, akaniuliza hao aliowasikia ni akina nani. Nikamwambia, "Ni wataalamu wangu."

Sasa juzi, pale sebuleni, nilimwita Zulfa achuchumae. Nikamshika mkono nikaulaza juu ya jiwe, upande wa mishipa. "Taja," nikamwambia, na nikamfundisha, na akataja, yeye aliyezaliwa hospitali ya mjini na hajawahi kulala na ng'ombe hata mmoja. Alipofika kwa Bibi Harusi akaniangalia, macho makubwa. "Bibi, hapa."

"Eeh. Hapo. Malizia sasa, usiwaache nje."

Akamalizia. Paka mweupe akashuka kwenye pazia, akapanda, akazunguka mara mbili. Mama yangu hayupo tena wa kunipiga kofi, kwa hiyo leo nahesabu wazi: mbugani walikwenda saba, mlangoni kwa mama waliingia wanne. Kwangu, kila kipupwe, wanaingia wote saba.